Upasuaji wa Kope: Kutoka Vikope hadi Urembo kwenye Barabara ya Tunduma

Upasuaji wa kope ni kazi kongwe, na kwa sehemu kubwa ya historia yake haukuhusu urembo. Kabla ya kuwa huduma ya mtu anayetaka kuondolewa ngozi iliyolegea juu ya jicho, au mifuko iliyotuna chini yake, ulikuwa tiba ya watu waliokuwa wakipofushwa na nywele za kope zao wenyewe. Nchini Tanzania kazi hizo mbili zinaendelea kwa wakati mmoja: vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, kope hukatwa ili jicho lisipofuke, na Dar es Salaam wapo wanaotaka ikatwe ili uso uonekane mchanga. Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, unapata habari za pande zote mbili. Magharibi yake, mkoani Rukwa, iko wilaya ya Kalambo, mojawapo ya wilaya ambazo ugonjwa wa vikope ulichelewa kutokomea. Katikati ya mji wenyewe inapita barabara inayobeba bidhaa nyingi za urembo zinazosafirishwa kati ya bandari ya Dar es Salaam na miji ya migodi ya shaba ya Zambia na Kongo.

Kope ni kiungo kidogo chenye kazi nyingi. Ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Haifiki milimita moja. Chini ya ngozi kuna msuli wa mviringo unaofumba jicho, kisha utando unaozuia mafuta ya tundu la jicho yasitokeze mbele, na nyuma kabisa kuna bamba gumu linaloipa kope umbo. Kope ya juu ina msuli wake wa kuinulia. Mtu anapopepesa, kope husambaza machozi juu ya kioo cha jicho, na usiku hukifunika kisikauke. Kioo kikikauka au kikikwaruzwa muda mrefu hupata kidonda, kidonda huacha kovu jeupe, na nuru hupungua. Madhara mengi yanayosimuliwa katika historia ya upasuaji huu, uwe wa tiba au wa urembo, yanarudi hapo: kope isiyofumba vizuri, au inayokwaruza badala ya kulinda.

Mafunjo ya Ebers ya Misri, yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanaeleza kung'oa nywele za kope zinazochoma jicho na kupaka dawa ili zisiote tena. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza namna ya kukata kipande cha ngozi ya kope ya juu na kushona. Miaka elfu moja baadaye elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa waandishi wa Kiarabu. Ali ibn Isa wa Baghdad alitunga kitabu cha tabibu wa macho chenye magonjwa zaidi ya 130. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, alipanga njia kadhaa za kutibu kope iliyogeukia ndani: kukata na kushona, kuchoma kwa chuma cha moto, kupaka dawa inayounguza, au kubana ngozi kwa vipande vya matete mpaka ife na kudondoka yenyewe. Wapasuaji wa urembo wa siku hizi hupenda kumtaja Celsus kama babu yao, lakini udugu huo ni wa mbali. Katika maandishi hayo, ngozi ilipopunguzwa ilikuwa ili ukingo wa kope uvutike nje na nywele ziache kukwaruza. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa alionekana kijana zaidi.

Kwenye pwani ya Waswahili elimu ya macho ilifika kwa mlango wa wanja. Wanja wa manga ulipakwa kama pambo na pia kama dawa, kwa watoto na kwa watu wazima, na desturi hiyo ilisafiri na misafara kuelekea bara. Baadhi ya wanja unaouzwa mpaka leo una madini ya risasi, kwa hiyo kitu kilichosifiwa kulinda macho kinaweza kuingiza sumu mwilini, hasa kwa mtoto mchanga.

Katika nyanda zilizo kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa, nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wawanda na Wabungu, tiba ya hospitali ilikuja na misheni. Wamoravian kutoka Ujerumani walianza Rungwe mwaka 1891, kisha wakasonga magharibi hadi Unyiha na kujenga Mbozi. Upande wa pili, misheni ya Livingstonia ya Waskoti ilijenga Mwenzo, karibu na Nakonde ya leo, katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne iliyofuata daktari James Chisholm alitibu huko na akaandika habari za mila za Wanyamwanga. Tayari mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa umechora mpaka katikati ya watu hao. Mnyamwanga wa upande wa Wajerumani mwenye jicho bovu aliweza kutembea hadi kwa daktari wa upande wa Waingereza, na hakuona ajabu. Kuvuka mpaka kufuata tiba au bidhaa ni tabia iliyoitangulia pasipoti, na leo Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja wenye sarafu mbili.

Waganga nao waliendelea na kazi yao. Majani yaliyosagwa, maji ya mizizi na hata vitu vya kuchoma vilitiwa machoni, na si kila mara vilifanya kazi. Uchunguzi wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1994 uligundua kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye vidonda vya kioo cha jicho alikuwa ametumia dawa za kienyeji. Idadi hiyo inafaa kukumbukwa na anayedhani kwamba hatari iko kwenye kisu peke yake.

Ugonjwa uliowafanya Watanzania wengi kuujua upasuaji wa kope ni trakoma, unaoitwa vikope vijijini. Unaletwa na bakteria, Chlamydia trachomatis. Halberstaedter na Prowazek waliona dalili zake kwa hadubini huko Java mwaka 1907, na Tang Feifan wa Beijing akafanikiwa kuiotesha maabara katikati ya miaka ya 1950. Inaenezwa kwa vidole, nguo za kufutia uso na nzi wanaotua kwenye tongo za watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope hupata makovu. Makovu hujikunja yanapokauka, ukingo wa kope hugeukia ndani, na nywele zinaanza kusugua kioo kila mtu anapopepesa. Hilo hutokea miaka mingi baadaye, mara nyingi kwa mama mtu mzima, kwa sababu wanawake ndio wanaoshinda na watoto wagonjwa. Wengi wao hubeba kibano kwenye pindo la khanga na kung'oa nywele moja moja. Jirani au mjukuu mwenye macho mazuri husaidia.

Nchi kavu ya katikati, ambako maji hutekwa mbali na mifugo hukaa karibu na nyumba, iliathirika kuliko nyanda za Mbozi zenye mvua na kahawa. Kongwa ilipata umaarufu wa dunia kwa sababu hiyo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sheila West, walifanya kazi huko pamoja na Watanzania. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo rahisi wa kupima vikope kwa dalili tano, ambao hata muuguzi wa kijiji angeweza kuutumia kwa tochi na kioo cha kukuzia. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya jaribio la Kongwa kuhusu kuwanawisha watoto nyuso, na kampeni nyingi zilizofuata zilijengwa juu yake. Mwaka 1999 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kugawiwa bure azithromaisini, kidonge cha mara moja kwa mwaka kilichochukua nafasi ya marhamu ya tetrasaiklini iliyopaswa kupakwa kwa wiki sita.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa kawaida kuliko watu walivyouogopa. Mgonjwa hulala kwenye meza ya zahanati au hata ya darasa, hudungwa sindano ya ganzi kwenye kope, kisha mpasuaji hukata bamba lililo nyuma ya ngozi, akaligeuza nje na kulishona ili nywele ziangalie mbele. Nyuzi hutolewa baada ya siku chache. Hakukuwa na madaktari bingwa wa kutosha kwa wagonjwa wote hao, kwa hiyo kazi ilifundishwa kwa wauguzi na matabibu wasaidizi. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa wa historia ya tiba ya macho nchini, na matokeo yake yanaonyesha kwamba mtu asiye daktari bingwa anaweza kufanya upasuaji mmoja vizuri sana akifundishwa huo mmoja, akasimamiwa na akaendelea kuufanya.

Hata hivyo wanawake wengi wa Kongwa walioshauriwa kufanyiwa upasuaji hawakwenda, ingawa haukulipiwa. Sababu zao hazikuwa ujinga, kama baadhi ya maofisa walivyodhani. Hakukuwa na mtu wa kubaki na watoto, hakukuwa na wa kumsindikiza, nauli ilihitaji ruhusa, na jicho lililofungwa bandeji wakati wa kulima lilikuwa hasara iliyoonekana leo kwa faida ya baadaye. Wengine walikuwa wamemwona jirani ambaye nywele zilirudi kukwaruza. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Nywele hurudi kwa wagonjwa si wachache, na ubora wa mkono wa mpasuaji ni mojawapo ya sababu kubwa. Ili kupunguza tofauti za mikono, kilibuniwa kibano maalumu cha kushikilia kope wakati wa kukata, na jaribio kubwa likafanyika Lindi na Mtwara. Kibano hakikuonyesha kupunguza kurudi kwa ugonjwa kuliko njia ya kawaida. Mafunzo na uangalizi baada ya upasuaji vilibaki kuwa muhimu kuliko chombo.

Ramani ya vikope imepungua tangu wakati huo. Oman, nchi yenye Waswahili wengi, ilikuwa ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012. Malawi, inayotazamana na Ileje ng'ambo ya mto Songwe, ilithibitishwa mwaka 2022. Kongwa na wilaya za wafugaji za kaskazini zilibaki kwenye orodha ya Tanzania, pamoja na Kalambo.

Historia ya pili, ile ya urembo, ina mizizi karibu na vita kuliko watu wengi wanavyojua. Neno la kitaalamu la kuunda upya kope lilitumiwa na Karl von Graefe wa Ujerumani mwaka 1818, kwa mgonjwa aliyekatwa saratani. Mwaka 1896 daktari Mikamo wa Japani alieleza jinsi alivyomshona mwanamke ambaye kope moja ilikuwa na mkunjo na nyingine haikuwa nao, ili macho yafanane. Leo upasuaji wa kutengeneza mkunjo ni miongoni mwa upasuaji wa urembo unaofanywa zaidi katika Asia ya Mashariki. Charles Conrad Miller wa Chicago alichapisha maelezo ya kuondoa ngozi ya ziada ya kope katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na Suzanne Noël wa Paris akaifanya kazi hiyo kwa wanawake waliohitaji kuonekana vijana ili wasipoteze ajira.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta majeruhi waliopoteza nyuso. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengeneza huko Sidcup, Uingereza. Mmojawapo, baharia Walter Yeo, alikuwa amepoteza kope za juu na za chini katika mapigano ya Jutland mwaka 1916. Katika vita vya pili ndugu wa ukoo wa Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua moto huko East Grinstead. McIndoe alianza na kope kabla ya pua au midomo, kwa sababu rubani asiyeweza kufumba macho angepofuka wakati akisubiri uso wake utengenezwe.

Hapa historia inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Baada ya vita McIndoe alinunua shamba Tanganyika, upande wa Kilimanjaro. Mwanafunzi wake Michael Wood alikuwa akifanya upasuaji Nairobi na alikuwa na shamba lake kwenye miteremko ya mlima huohuo. Mwenzao wa tatu, Mmarekani Thomas Rees, alikuwa amefundishwa na McIndoe. Watu hao watatu, wote wapasuaji wa kurekebisha maumbile, walianzisha mwaka 1957 shirika linalojulikana leo kama Amref, lililopeleka madaktari kwa ndege hadi hospitali za misheni za mbali. Rees alirudi New York na kuwa mmoja wa wapasuaji wa urembo wa uso mashuhuri wa kizazi chake, huku akiendelea kuja Afrika. Mwaka 1975 alichapisha makala kuhusu macho kukauka baada ya upasuaji wa kope wa urembo. Mtu aliyepata umaarufu kwa kurembesha kope ndiye aliyewakumbusha wenzake kwamba jicho linahitaji machozi na kope inayofumba. Inashangaza kwamba jambo hili halisimuliwi zaidi nchini; wengi huifahamu Amref kwa ndege na chanjo tu.

Ujuzi ulibadilika pia. Mwaka 1951 Salvador Castañares alichora kwa usahihi mifuko ya mafuta iliyo nyuma ya kope, na kwa miongo iliyofuata wapasuaji wengi waliitoa kwa wingi. Baada ya miaka wagonjwa hao walionekana wenye macho yaliyozama, wazee kuliko umri wao. Siku hizi wataalamu wengi hutoa kidogo, au husogeza mafuta badala ya kuyatupa. Anayeambiwa kwamba mafuta yote yataondolewa anaelezwa njia ya zamani.

Urembo wa macho ulifika Songwe kwa magurudumu kabla haujafika kwa kisu. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa kwa msaada wa China, ilifika mpakani mwaka 1973 na kukabidhiwa mwaka 1976. Tunduma ikakua kwa malori, kubadilisha fedha na biashara ya jumla. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wasiofika 100,000 mjini, na ile ya 2022 zaidi ya 219,000. Kati ya sensa hizo, mwaka 2016, Songwe ilikatwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde.

Bidhaa za macho zinapita hapo kwa pande mbili. Kutoka bandarini huja kope bandia, gundi na penseli za wanja, nyingi zikitengenezwa China. Mji mmoja tu wa mkoa wa Shandong, Pingdu, hutengeneza sehemu kubwa ya kope bandia za dunia. Kutoka upande wa Kongo na Zambia huja krimu za kung'arisha ngozi, ambazo mamlaka zimekuwa zikizikamata mipakani kwa miaka mingi kwa sababu ya zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Sheria ya mwaka 2003 iliipa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kazi ya kusimamia vipodozi. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango. Krimu hizo zina uhusiano na kope kuliko inavyodhaniwa. Steroidi ikipakwa karibu na macho kwa miezi huikondesha ngozi, huchelewesha kidonda kupona, na inaweza kupandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Anayetumia mkorogo na kutaka upasuaji wa kope anapaswa kumwambia mpasuaji, hata akiona haya.

Septemba 2018 kope bandia ziliingia kwenye kumbukumbu za Bunge. Baada ya naibu waziri wa afya kueleza madhara yake, Spika Job Ndugai aliwapiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini wakiwa na kope au kucha bandia. Wengi walicheka, wengine walikasirika. Ndugai alikuwa mbunge wa Kongwa, jimbo ambalo wanawake wake walikuwa wamepofushwa kwa miongo na kope za asili. Gundi ya kubandikia kope inaweza kuleta mzio, na nyingine hutoa kemikali inayounguza. Kope inayovimba mara kwa mara kwa ajili ya gundi hulegea, na wapo wanaofikia kutafuta upasuaji kwa tatizo lililoanzia saluni.

Upasuaji wa urembo kama huduma ya hospitali ya umma ni jambo jipya. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutangaza huduma hizo, ikianza na kupunguza matiti, tumbo na mafuta. Kabla ya hapo wenye uwezo walikwenda India, Afrika Kusini, Uturuki au Dubai, na wengi bado huenda. Kwa mkazi wa Songwe ngazi za huduma ya macho ni hospitali ya rufaa ya mkoa Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kisha Dar es Salaam. Ndege huondoka uwanja wa Songwe, ambao pamoja na jina lake uko mkoa wa Mbeya.

Swali la kwanza la daktari mwaminifu ni kama kuna ugonjwa. Kope iliyoshuka si lazima iwe ngozi iliyolegea. Msuli wa kuinua unaweza kuwa umechoka, na kope ikianguka ghafla, au ikawa nzuri asubuhi na kushuka jioni, ugonjwa wa mishipa ya fahamu au wa misuli hutafutwa kwanza. Macho yaliyotokeza yanaweza kuwa dalili ya tezi ya shingo. Uvimbe wa asubuhi unaweza kuwa wa figo. Mtu aliyewahi kuwa na vikope ana makovu ndani ya kope na machozi machache, na kwake kupunguza ngozi kwa ajili ya urembo kunaweza kulirudisha jicho kwenye hatari aliyokwisha kuponea. Pale ngozi ya juu inapofunika mboni na kupunguza uwezo wa kuona pembeni, upasuaji ni tiba, na ndivyo unavyopaswa kuandikwa kwenye karatasi ya bima. Bima kwa kawaida haigharimii urembo.

Upasuaji wa kope za juu hufanywa kwa ganzi ya sindano na huchukua karibu saa moja. Mpasuaji huchora mstari mgonjwa akiwa amekaa, kwa sababu ngozi hubadilika mtu akilala. Kanuni inayofundishwa ni kuacha angalau milimita 20 za ngozi kati ya nyusi na ukingo wa kope. Chini ya hapo jicho linaweza kukataa kufumba. Kope za chini ni ngumu zaidi, kwa kuwa ngozi ikipungua mno kope huvutwa chini na jicho hubaki wazi. Dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, aspirini ikiwemo, pamoja na baadhi ya dawa za mitishamba, husimamishwa kabla kwa ushauri wa daktari. Uvimbe na weusi huisha ndani ya wiki moja hadi mbili, na nyuzi hutolewa siku ya tano hadi ya saba. Ngozi ya kope haioti makovu makubwa kwa urahisi, hata kwa watu ambao kovu lao la kifua au sikio hutuna. Hata hivyo ngozi nyeusi inaweza kubaki na alama nyeusi zaidi, hasa ikitumiwa leza na asiyeizoea.

Jina la anayekata lichunguzwe kabla ya bei. Baraza la Madaktari la Tanganyika lina daftari la madaktari waliosajiliwa, na sheria ya mwaka 2017 inahusu usajili huo. Anayefaa ni daktari wa macho mwenye ujuzi wa kope, au mpasuaji wa kurekebisha maumbile mwenye mafunzo yanayothibitika. Saluni, nyumba ya wageni na kliniki isiyo na kibali si mahali pa kukatwa kope, hata kama aliyetangaza ana picha nyingi za kabla na baada. Masomo ya Kongwa yanatumika hapa pia: mpasuaji aulizwe ameshafanya upasuaji huo mara ngapi, na nani atamwona mgonjwa wiki na mwezi unaofuata.

Kwa Tunduma swali la mwisho ndilo zito. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na safari ya basi inaweza kuchukua usiku na mchana. Aliyefanyiwa upasuaji jana hapaswi kukaa kwenye basi la namna hiyo akiinamisha kichwa. Ni bora alale karibu na hospitali mpaka nyuzi zitolewe, na gharama ya wiki hiyo ihesabiwe tangu mwanzo pamoja na nauli ya msindikizaji. Anayevuka kwenda Lusaka au kusafiri kwenda India anahitaji karatasi zinazoeleza kilichofanyika, kwa lugha ambayo daktari wa Mbeya ataielewa.

Hatari kubwa ni adimu. Damu huvuja nyuma ya jicho kwa takribani mgonjwa 1 kati ya 2,000, na kupofuka kabisa ni adimu zaidi, karibu 1 kati ya 20,000 kwa uchunguzi uliofanywa kwa wapasuaji wa Marekani. Dalili za kuvuja huko ni maumivu makali yanayoongezeka, jicho kutokeza na kuwa gumu, na kuona giza. Mara nyingi huja ndani ya saa 24 za kwanza, na mishono inabidi ifunguliwe upesi ili damu itoke, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa jicho hauvumilii shinikizo kwa saa nyingi. Kwa aliyekwisha kurudi mkoani Songwe, mahali pa kukimbilia ni hospitali ya karibu yenye daktari, Vwawa au Mbeya; simu kwa mpasuaji wa mbali ipigwe njiani.